Mshenga Alikuwa Mtani

Mapenzi yana ujinga wake. Ujinga wa Bibiana, asubuhi ile ya Jumatatu ya Pasaka mwaka wa 1954, ulikuwa kuamini kwamba neema ikishaahidiwa imeshafika. Alikaa juu ya gunia la viazi vitamu ndani ya lori la shamba la mkonge, kabanwa na wanakwaya kulia na kushoto, manyunyu ya masika yanamlowesha kitambaa cha kichwa, barabara ya kutoka Muheza mashimo matupu, na yeye anatabasamu peke yake.

"Leo umekula nini wewe?" shangazi yake, Bertha, alimuuliza.

"Chai na muhogo, shangazi."

"Hiyo chai ilitiwa kitu. Ficha meno, watu wanakutazama."

Bertha ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, yeye na wadogo zake wawili wa kike, katika kambi ya wafanyakazi wa mkonge ambako baba yao, Mzee Ernesti, alikuwa mnyapara. Walikuwa Wanyamwezi wa Tabora, Wakatoliki wa kusali rozari kila jioni, na mandari ile ya kwenda kuiona ngome ya kale huko pwani ilikuwa ya parokia yao. Lakini nyuma kabisa ya lori, miguu inaning'inia nje, alikaa Mlutheri mmoja. Huyo ndiye aliyeyatoa meno ya Bibiana nje.

Noa alikuwa fundi mashine pale kiwandani, Mshambaa wa Bumbuli, kijana mwembamba mwenye grisi kwenye vidole ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa nayo. Mwaka mzima walipendana kwa kuibia: salamu kisimani, neno moja dukani, siku nyingine hata neno hamna, ni kupita tu mbele ya mlango. Sasa kila lori liliporuka shimo macho yao yalikutana juu ya vichwa vya watu, na kila yalipokutana Bibiana alisikia joto likimpanda shingoni. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Na wao hawakuona tena haja ya kuyaficha sana, maana posa ilikwisha pelekwa na jibu lilikwisha rudi.

Nisimame hapa nieleze, kwa sababu hapa ndipo mambo yalipopinda. Noa hakuwa na mzee wake pale kambini. Baba yake alikuwa huko milimani, na habari ya binti wa Kikatoliki hakutaka hata kuisikia. Kwa hiyo Noa alipotafuta mshenga alimtazama mtu anayeingia nyumbani kwa Mzee Ernesti bila kubisha hodi, akamwona Uweso, dereva wa lori hilo hilo walilopanda. Uweso alikuwa Mzigua, na Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ataingia jikoni kwako, atafunua chungu, atakula, atakutukana na kuondoka, na huna pa kumshitaki. Noa aliona mlango uliokwisha kuwa wazi, akafurahi. Mtu wa milimani huyo, utamlaumu kwa lipi? Mwezi wa Januari aliandika barua kwa mwandiko wake wote mzuri, akaifunga katika leso nyeupe, akamkabidhi Uweso.

Uweso alimrudia siku ya nne. "Mzee kasema, mchukue," akamwambia. "Ila Kwaresima iko njiani, na Wakatoliki hawazungumzi harusi ndani ya Kwaresima. Nyamaza mpaka Pasaka."

Wakanyamaza. Na wiki moja kabla ya Kwaresima kuanza, Bertha alimwita Bibiana jikoni, akamwambia huku anapepeta mchele, bila kumtazama, "Barua imekuja. Baba yako ameipokea. Wewe umeridhia?" Jina la mwanamume hakulitaja. Binti mwenye adabu hatajiwi, naye haulizi. Bibiana aliinamisha kichwa akasema, "Nimeridhia, shangazi." Siku ile aliunguza ugali, na hakuna aliyemgombeza.

*

Ngome ilikuwa juu ya mwamba, na chini yake kijiji cha Chokaani, watu ambao kazi yao ni kuchoma chokaa. Moshi wa tanuu ulikuwa mzito, mvua imeukandamiza chini, na macho yakaanza kuwawasha watu kabla hawajashuka. Nyumba za pale zilikuwa za udongo, lakini pembe za kila nyumba zilikuwa za mawe makubwa yaliyochongwa, na hakuhitaji mtu kuuliza yametoka wapi. Mzinga mmoja wa chuma ulikuwa umelala njiani, wanawake wawili wameukalia wanapara samaki.

Aliyewapokea alikuwa Bi Semeni, mjane mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye ukoo wake ndio unaoshika ufunguo wa ngome. Ufunguo wenyewe aliuvaa kiunoni, mrefu kama kiganja. Mlango ulikwisha anguka na kuoza tangu babu yake hajazaliwa, lakini ufunguo ulikuwapo, na bila yeye hamwingii.

"Karibuni, watu wa bara. Viatu vueni, ndani muna ukoga, mtu asije akavunjika akasema Semeni kamroga."

"Bibi, ilijengwa na nani ngome hii?" mwanakwaya mmoja aliuliza.

"Wareno. Wengine wasema Wahispania. Babu yangu akisema zama zile hao wote mfalme wao alikuwa mmoja, kwa hiyo waliokupiga mzinga ni wale wale."

"Na hao Wareno waliwafanya nini watu wa hapa?"

"Waliwakamata wakubwa wa mji wakawatia humu, wakawakalisha na njaa mpaka mji ukakubali."

"Ukakubali nini?"

Bi Semeni alimtazama kwa kumhurumia. "Ukikalishwa na njaa mwanangu, utauliza wakubali nini? Wasema ndiyo, kisha ndipo waambiwa."

Watu wakacheka, wakaingia. Kuta zilikuwa nene, zimeota miti, na upande wa bahari ukuta mzima haukuwapo. Bi Semeni alisema wazi kwamba waliuchoma wenyewe, kidogo kidogo, ukawa chokaa, kwa sababu jiwe lililokwisha kukatwa hakuna atakayeliacha akaenda kupiga mbizi kutafuta jingine. Kisha akawapeleka kutazama mizinga ya juu. Bibiana akajikawiza katika chumba cha chini kwa kufunga vizuri kitambaa chake, na alipomaliza kukifunga akakifungua akakifunga tena.

Noa aliingia chumba kile cha chini polepole, amebeba viatu mkononi.

"Umelowa," akasema.

"Na wewe umelowa."

"Mimi si kitu. Nipe hicho kitambaa nikikamue."

Alimpa. Vidole vyao viligusana na hakuna aliyeharakisha kuvitoa. Mwaka mzima hawakuwahi kukaribiana hivyo. Bibiana alisikia harufu ya sabuni na mafuta ya mashine, akaona kwamba na harufu hiyo ataishi siku zake zote, akashukuru Mungu.

"Nimepata kazi kiwanda cha mbao, karibu na Korogwe," Noa alisema. "Kuna nyumba, vyumba viwili. Paa linavuja upande mmoja. Nimekwisha kwenda kulitazama."

"Nyumba inavuja ndiyo unaniambia kwa furaha hivyo?"

"Upande mmoja tu. Tutalala upande wa pili."

Bibiana alicheka mpaka akajiziba mdomo. Noa hakucheka naye. Alikuwa anakikunja kile kitambaa, pembe kwa pembe.

"Na padri wenu nimemwona," akasema. "Nimemwambia nitatia sahihi. Watoto watabatizwa kwenu."

"Baba yako anajua?"

"Anajua. Kaniandikia. Kasema nikioa kwa Waroma nisipande tena ule mlima, hata yeye akifa."

"Noa. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi, kisimani? Ungelia, na watu wangeuliza." Akainua macho. "Nimelia mimi, yamekwisha. Sikujuta, Bibiana. Nilipima huku na huku, nikaona huko nitakuwa na baba bila wewe, huku nitakuwa na wewe bila baba. Nikachagua. Na leo Pasaka imepita, nitakwenda mbele ya mzee wako nimshukuru kwa kinywa changu mwenyewe."

Ndipo honi ilipolia huko nje, lori la pili, la waumini wa Maramba. Bibiana hakulijali. Alikuwa ameushika mkono wa Noa kwa mikono yake miwili, anautazama, na alitaka kusema kitu kikubwa kilicholingana na hicho alichoambiwa. Hakukipata kwa wakati, kwa sababu shangazi Bertha alikuwa anamwita kutoka mlangoni. Noa akarudi nyuma kivulini.

"Uko peke yako humu? Njoo nikutengeneze." Bertha alimvuta, akamsawazisha gauni begani, akamfuta uso kwa ncha ya kanga. "Mwalimu Rafaeli amefika na wazee wake. Mtazame kidogo tu, lakini usimpe kisogo. Na ukitoa chakula, anza na mzee yule mwenye kofia nyekundu, ndiye baba yake mkubwa."

"Mwalimu Rafaeli ana shughuli gani na mimi, shangazi?"

Bertha alitabasamu, akidhani ni haya. "Mtoto wewe. Aliyekuposa ana shughuli gani na wewe?"

Bibiana alimjua Mwalimu Rafaeli. Alikuwa mgane wa makamo, mwalimu huko Maramba, alikuja nyumbani kwao mara mbili na baiskeli yake, akanywa chai, akazungumza na baba yake habari za mvua. Mara zote mbili Bibiana alimpelekea maji ya kunawa na hakuwaza lolote.

"Aliyeniposa ni Noa," akasema.

"Noa gani?"

"Mimi, mama," Noa alijibu, akatoka kivulini. "Shikamoo."

Bertha hakuitikia. Alimtazama Noa, akatazama miguu yake isiyo na viatu, akamtazama Bibiana, na kidogo kidogo akaelewa, na alivyoelewa ndivyo uso ulivyomshuka. "Kaeni hapa hapa," akasema. "Msitoke. Msiseme na mtu."

*

Mzee Ernesti aliingia na kiko chake mdomoni, koti la Jumapili limefungwa vifungo vyote. Nyuma yake alikuja Uweso, kwa sababu Noa alikuwa amemwambia Bertha amlete na yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Lori limeharibika?"

"Hapana, mzee. Ni habari ya ile barua yangu."

"Barua ipi?"

"Ya Januari. Niliyompa Uweso akuletee. Ya kumposa Bibiana."

Mzee Ernesti aligeuka kumtazama Uweso, mashavu yakaanza kumtetemeka kwa kicheko. "Mzigua umeanza tena. Mpaka kwenye mandari ya kanisa? Umempa kijana wa watu nini akubali kusema maneno haya?" Akacheka. Alicheka peke yake, na chumba kile cha mawe kikamrudishia kicheko chake. Akamkazia macho Uweso.

"Ilikuwa kweli?"

Uweso alivua kofia. "Ilikuwa kweli, Mnyamwezi."

"Ile leso nyeupe?"

"Ile ile."

"Na ile karatasi iliyokuwamo, mimi niliichukua..." Hakumaliza.

Uweso alimmalizia. "Uliisokota, ukaitia kwenye kaa, ukawashia kiko."

Noa aliketi juu ya jiwe. Hakuna aliyemwambia aketi, na kwa adabu yake asingeketi mbele ya mzee siku nyingine.

"Wewe uliingiaje siku ile?" Mzee Ernesti alisema. "Ulisema nini? Kiseme mbele yao."

"Nilisema, Mnyamwezi, nimekuja kuchukua mwanamke humu ndani, na barua ninayo."

"Na mimi nikasema?"

"Ukasema, mchukue. Mchukue na Bertha na mbuzi, nyumba ipumue."

"Kisha?"

"Nikacheka."

"Kwa nini ulicheka, Uweso?" Miaka kumi na mitano walikuwa wanajuana, na Bibiana hakuwahi kumsikia baba yake akimwita mtu yule kwa jina lake.

"Kwa sababu ulicheka wewe. Nilitaka nirudi kesho yake nilitengeneze. Nikaja. Nikakaza uso, ukaniuliza nimefiwa na kunguni gani. Nikaja tena, ukanimwagia maji. Mtu atalisemaje neno la kweli katika nyumba ambayo hajawahi kulisema? Mwisho nikajiambia, si alisema mchukue? Kauli ni kauli. Nikaenda kumwambia kijana amekubaliwa." Uweso alikuwa anaikunja kofia yake mikononi. "Moyo ulinisuta, Mnyamwezi. Kila siku ulinisuta."

"Siku tuliyomzika mke wangu," Mzee Ernesti alisema polepole, "wewe ulilala ndani ya kaburi ukasema hutoki mpaka upewe jogoo. Watu walicheka huku wanalia. Nilikushukuru siku ile, maana nilidhani sitakuja kucheka tena. Sasa mtu wa namna hiyo akiniletea barua ya mwanangu, nitajuaje?"

Noa alinyanyuka, akaja akapiga goti mbele yake kwenye ule ukoga.

"Mzee, hayo yamepita. Nitaandika nyingine hata sasa. Nimeongea na padri. Nimemwacha baba yangu kwa ajili hii."

"Inuka, baba. Inuka, utachafuka." Mzee Ernesti alimwinua kwa mkono, kwa upole, na upole huo ulimtisha Bibiana kuliko makelele. "Barua ya Rafaeli nimeipokea. Wazee wake wamekula kwangu. Jumapili ijayo matangazo yanasomwa kanisani. Mzee anayepokea barua mbili kwa binti mmoja anaitwaje kwenu? Nitawaambia nilidhani utani? Nani ataamini? Kambi zote hizi za mkonge zitasema Ernesti amemnadi mwanawe. Na wale wawili wadogo niliowaacha nyumbani, nani atakuja kuwaposa kwenye nyumba hiyo?"

"Baba, mimi Mwalimu sikumridhia," Bibiana alisema.

"Nilikuuliza," Bertha alisema.

"Hukumtaja."

"Na wewe hukuuliza ni nani."

"Ningeulizaje, shangazi? Ungeniita sina adabu."

"Ningekuita hivyo," Bertha alikiri, na machozi yakamtoka.

Mzee Ernesti alikitoa kiko mdomoni. Kilikuwa kimezimika, wala hakukiwasha tena. "Sikiliza, Bibiana. Mama yako sikumwoa kwa kamba, na wewe sitakufunga kamba. Yule mtu yuko nje. Nenda ukamwambie wewe mwenyewe, mbele ya wazee wake, kwamba hukumridhia. Mimi nitasimama kando yako. Aibu itakayokuja nitaivaa. Lakini kulisema siwezi. Kinywa ni chako."

Ninawajua watu watakaosema alimtega. Hakumtega. Alimpa kila alichokuwa nacho, na hicho kilikuwa kidogo.

"Neno moja tu," Noa alimnong'oneza Bibiana walipokuwa wanatoka. Uso wake ulikuwa na matumaini, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Sema hapana. Mengine yote niachie mimi. Nitakuwa hapo hapo ukutani."

*

Mikeka ilikuwa imetandikwa chini ya turubai la lori, sufuria za wali zimefunuliwa. Mwalimu Rafaeli aliinuka alipomwona anakuja. Nilitamani niwaambie alikuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi zaidi kwa kila mtu. Alikuwa mtu mstaarabu, mvi mbili tatu, shati jeupe lililopigwa pasi na mikono yake mwenyewe, maana ndani hakuwa na wa kumpigia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

Akamtazama, akasogea kidogo, akapunguza sauti. "Umekuwa unalia."

"Moshi wa tanuu, Mwalimu."

"Moshi huu sote tuko ndani yake." Alisubiri. "Bibiana, mimi si kijana. Nimezika mke mmoja, na sitaki kuishi na mwingine anayeniangalia kama mlango uliofungwa. Nililetewa neno kwamba umeridhia. Lilitoka kinywani mwako, au walikusemea?"

Hakulisema kwa sauti kubwa, lakini wazee wa Maramba waliacha kutafuna. Mlango ulikuwa wazi. Mwanamume yule aliufungua mwenyewe, kwa mkono wake, akasimama pembeni ili apite. Kilichobaki kilikuwa neno moja, na neno lenyewe Bibiana alikwisha kuwa nalo ulimini.

Akamtazama Noa. Alikuwa amesimama kwenye ukuta wa ngome kama alivyoahidi, kavua kofia, mvua inamwingia kichwani, bado ameshika kile kitambaa alichokikamua. Akamtazama baba yake. Naye alikuwa amesimama kama alivyoahidi, kando yake, wima, kidevu juu. Lakini kiko alichokishika kilikuwa kimeinama, na jivu lilikuwa linamwagika juu ya koti la Jumapili, na Mzee Ernesti, mtu anayegombana na kila mtu kwa ajili ya vumbi, hakulipangusa. Hakuwa anaona. Mzee mwenye kofia nyekundu ndiye aliyeona. Alikuwa anamtazama Mzee Ernesti kuanzia jivu hadi viatu, taratibu, kama mtu anayepima mfuko kabla ya kusema umetoboka. Bibiana aliuona mtazamo ule, akawaona wadogo zake wawili wakikua wakitazamwa hivyo, kisimani, dukani, kanisani, na baba yao anapita katikati ya kambi na hakuna anayemtania.

"Lilitoka kinywani mwangu," akasema.

Hilo lilikuwa kweli. Miaka mingi baadaye angejiambia hivyo, kwamba hilo angalau lilikuwa kweli.

"Na ulikuwa unanijibu mimi?" Rafaeli aliuliza.

Samaki alipinduliwa mahali kwenye kikaango. Noa, kule ukutani, aliinua mguu mmoja kuja mbele.

"Ndiyo, Mwalimu," Bibiana alijibu. "Nilikuwa nakujibu wewe."

Mzee Ernesti aliketi mkekani mahali alipokuwa, ghafla, mtu akampokea kiko kisianguke. Wazee wakarudi kwenye wali wao. Rafaeli alishusha pumzi, uso ukamkunjuka, akawa mzuri kwa dakika moja, na Bibiana akamwonea huruma na kumchukia kwa pamoja, naye hana kosa.

Aliomba Noa apige kelele. Kwa moyo wake wote aliomba hivyo: aje aseme mwongo huyu, mwaka mzima, baba yangu nimemwacha, barua imechomwa, aseme yote, avunje kila kitu ambacho yeye hakuweza kuvunja. Noa alikuja. Alitembea kwenye tope bila viatu mpaka penye mikeka, na kadiri alivyokaribia Bibiana aliona kwamba uso wake umebadilika, kwamba alikuwa ameyasikia maneno yale na kuyachukua yalivyo. Hakuona mtu aliyeokoa nyumba ya baba yake. Aliona mwanamke aliyeulizwa kwa upole, akiwa huru kabisa, akajibu.

Noa alimpa mkono Rafaeli kwanza, mkono wa kuume, na wa kushoto kaushikilia kiwiko kwa heshima. "Hongera sana, Mwalimu."

"Ahsante, ndugu yangu. Kaa, ule nasi."

"Nimeshiba." Kisha akamgeukia Bibiana, akamrudishia kitambaa chake kilichokunjwa, pembe kwa pembe. Hakumtazama machoni.

"Hongera, dada," akasema.

Watu walikuwa wanangoja aitikie, kama inavyopasa, na baba yake alikuwa anangoja.

"Ahsante, kaka."

Shangazi Bertha akapiga kigelegele, haraka, machozi bado hayajamkauka, na wanawake wa malori yote mawili wakampokea.